Kuuza gari kwa mnada wa mtandaoni: yapi halali, yapi haramu?



Ndugu msomaji, mwaka jana niliamua kuuza gari langu, Toyota Carina Ti ya mwaka 1999, ili nikamilishe ada ya mwanangu. Hapa Nyalikungu, mjini Maswa, wanunuzi wa magari ni wachache na karibu wote tunajuana. Dalali mmoja wa Mwanza akanishauri niliingize kwenye mnada wake wa WhatsApp. Picha zinawekwa Ijumaa, watu wanataja dau, na Jumamosi saa nne usiku mnada unafungwa. Mwenye dau kubwa ndiye anayechukua. Mimi ni mwalimu wa masomo ya dini na hukumu za biashara nazifundisha kila mwaka, lakini sikuwa nimewahi kuzijaribu kwa mali yangu mwenyewe.

Nianze na mnada wenyewe, maana wapo wanaodhani kupandishiana bei ni haramu moja kwa moja. Wanachanganya na katazo la Mtume (s.a.w.) la Muislamu kuingilia biashara ya ndugu yake. Katazo hilo ni pale muuzaji na mnunuzi wameshaelekeana, ama mnadani muuzaji bado hajaridhia dau la yeyote. Amepokea Anas bin Malik (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli vya Answari mmoja masikini. Mtu akatoa dirham moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili na akapewa. Wanachuoni wameizungumza sanadi ya Hadithi hii, lakini Imam Bukhari naye ametaja kauli ya Ataa, kwamba aliwakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa mwenye kuzidisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah nalo liliujadili mnada katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 na likauruhusu kwa masharti. Kabla ya hapo, mwaka 1990, lilishakubali mikataba inayofungwa na watu walio mbalimbali kwa vyombo vya mawasiliano, ila mambo machache kama ndoa na kubadilishana fedha.

Kwa hiyo simu si tatizo. Tatizo ni jicho. Huku kwetu Usukumani mtu akienda mnada wa ng'ombe humtembeza mnyama, humfungua mdomo akatazama meno, ndipo anataja bei. Kwenye simu anaona picha sita zilizopigwa gari likitoka kuoshwa. Na sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafii, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa kuuza kitu ambacho mmoja wenu hajakiona hakuswihi. Wanafunzi wa Imam Abu Hanifa wanaruhusu, lakini wanampa mnunuzi hiari ya kukataa atakapokiona. Mimi niliona njia iliyo salama ni hii: dau la mtandaoni liwe makubaliano ya bei tu, na mkataba wenyewe ufungwe uso kwa uso, gari likiwa mbele yetu. Dalali hakupenda. Alisema wateja watakaokuja na kurudi watamchafulia jina. Nikashikilia.

Likaja suala la aibu za gari. Gia boksi ya gari langu, asubuhi kukiwa na baridi, ilikuwa inachelewa kushika. Unaweka gia ya kuondokea, unasubiri kidogo, ndipo linasogea kwa kishindo. Likishapata moto huwezi kujua. Dalali aliandika maneno yale yale ya siku zote: gari halina tatizo, ni kuweka mafuta na kuondoka. Nikamwambia afute. Akaniambia, "Basi ustadhi, tuandike gari linauzwa kama lilivyo, hapo umeshajitoa."

Hapa ndipo Waislamu wengi tunapojidanganya. Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya Abdullah bin Umar (r.a.), aliyemuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti kwamba hatawajibika kwa aibu yoyote. Mnunuzi akagundua ugonjwa, wakafika mbele ya Khalifa Uthman (r.a.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa anajua ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirham 1,500. Tazama swali la Uthman. Hakuuliza kama sharti liliandikwa, ameuliza kama muuzaji alijua. Mimi nilijua. Tukaandika habari ya gia boksi, na pia kwamba kadi bado ina jina la mwenye gari wa kabla yangu, kwani uhamisho sikuwahi kuufanya. (Hilo nalo ni kosa letu wengi. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na TRA wanamjua aliye kwenye kadi.)

Mnada ukaenda vizuri kupita nilivyotarajia. Mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kahama alifika 6,200,000, kisha namba mbili zikaanza kumpandishia mpaka akafika 7,100,000 na mnada ukafungwa. Nikampigia dalali kumshukuru. Akacheka, akasema zile namba mbili ni vijana wake.

Hii ndiyo najash, na Mtume (s.a.w.) ameikataza katika Hadithi ya Ibn Umar iliyomo kwa Bukhari na Muslim: kupandisha bei hali ya kuwa hutaki kununua, ili mwingine anase. Hata sheria za wasio Waislamu zinaiona kuwa ni kosa. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtia hatiani mtu aliyekuwa akijipandishia dau bidhaa zake kwenye eBay kwa jina la pili, likiwemo basi dogo. Alipigwa faini na kupewa saa 250 za kazi za jamii.

Maulamaa wamekhitalifiana juu ya biashara iliyopita kwa najash. Wengi wanasema inaswihi na mtenda anapata dhambi. Mahanbali wanampa mnunuzi hiari akipunjika kupita kawaida. Ningeweza kujificha nyuma ya kauli ya kwanza, na nakiri usiku ule niliifikiria sana, kwani 900,000 ni pesa nyingi kwa mwalimu. Lakini mkataba ulikuwa bado haujafungwa, na mimi sasa najua.

Jumapili yule bwana alifika Nyalikungu. Nilimwasha gari likiwa la baridi, akasikia kishindo. Kisha nikamweleza habari za namba mbili. Alinyamaza kwa muda, akauliza fundi anataka shilingi ngapi kwa gia boksi, halafu akasema atarudi kwenye dau lake la mwisho la kweli. Tukamalizana kwa 6,200,000, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili, na wiki hiyo tukaanza taratibu za kuhamisha kadi.

Dalali nilimpa kamisheni ya 6,200,000. Yeye anadai ya 7,100,000, na mpaka leo hatujaelewana.