Geji za Ziada za Gari: za Kimakanika au za Umeme?

Gari lina geji zake tangu kiwandani. Nyingine za nini?

Geji nyingi za kiwandani husema kidogo kuliko dereva anavyodhani. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, mshale wa temperecha hutulia katikati hata maji ya injini yakipanda au kushuka nyuzi kadhaa. Watengenezaji waliutuliza makusudi ili mteja asihangaike. Ukianza kupanda, joto limeshazidi kiwango. Taa nyekundu ya oili nayo huwaka presha ikiwa karibu kwisha, wala haisemi lolote kuhusu presha iliyoshuka nusu. Geji ya ziada hutoa namba.

Geji ya kimakanika hufanyaje kazi?

Huletewa kitu chenyewe kinachopimwa. Kwa presha ya oili, mrija mwembamba wa shaba au nailoni hutoka kwenye bloku ya injini na kupenya hadi kwenye dashibodi, ukiwa na oili ya presha ileile iliyomo ndani ya injini. Nyuma ya uso wa geji kuna bomba dogo bapa lililopindwa mfano wa herufi C. Presha ikipanda, bomba hilo hutaka kujinyoosha. Ncha yake huvuta vijigia, na mshale huzunguka. Mbinu hiyo ilipewa hataza mwaka 1849 kwa jina la Mfaransa Eugène Bourdon, na bado inatumika. Umeme hauhitajiki ila kwa taa ya usiku.

Ya temperecha ina ncha ya chuma inayozama kwenye maji ya injini, na mrija uliozibwa kiwandani. Mrija huo haukatwi wala hauungwi: ukivunjika, geji nzima imekufa.

Na ya umeme?

Sensa iliyofungwa kwenye injini hubadili ukinzani wake kadiri presha au joto linavyobadilika, na geji husoma badiliko hilo kupitia waya. Hakuna oili wala maji yanayoingia alipokaa dereva.

Ipi husema kweli zaidi?

Mafundi wengi huiamini ya kimakanika, na kwa geji za bei ya chini wana haki. Hata hivyo, uongo mwingi wa geji za umeme huanzia kwenye ufungaji. Geji nyingi za Kimarekani hutarajia sensa inayoshuka kutoka ohm 240 hadi 33 presha ikipanda. Nyingi za Ulaya, kama za VDO, hutarajia inayopanda kutoka ohm 10 hadi 180. Sensa ya kundi moja ikiunganishwa na geji ya kundi jingine, mshale hurudi nyuma presha ikipanda. Geji husingiziwa ubovu, kumbe sensa tu ndiyo si yake.

Sensa ya waya mmoja hupata athi kupitia uzi wake unaogusa bloku. Fundi akiuzungushia tepu nyeupe ya mabomba kwa wingi, athi hukatika na mshale huyumba au kulala. Uzi wenyewe nao una mtego: magari mengi ya Kijapani hutumia BSPT ya inchi 1/8, yenye meno 28 kwa inchi, ilhali vifaa vya Kimarekani hutumia NPT yenye meno 27. Mizunguko ya kwanza huingia vizuri na kuudanganya mkono, kisha hukaza. Anayelazimisha kwa spana huharibu tundu la injini, wakati adapta ingemaliza kazi.

Hatari iko wapi?

Zaidi kwenye mrija wa oili. Nailoni ikigusa eksozi huyeyuka, na shaba hupasuka kwa mtikisiko wa barabara mbovu isipoachiwa mzunguko wa ziada wa kunyumbuka. Ukipasuka ndani, oili ya moto humwagikia miguu ya dereva, na pampu huendelea kuisukuma kwa muda wote injini inapozunguka. Kwa presha ya petroli hakuna mjadala: mrija wenye petroli haupaswi kuingia ndani ya gari hata kidogo. Geji ya umeme inahitaji fyuzi yake tu.

Gari lililoongezewa tabo je?

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo kiwandani, huongezewa tabo mara nyingi. Hapo geji ya kimakanika ya presha ya tabo inafaa kabisa, kwa kuwa kinachopita kwenye mpira ni hewa. Joto la moshi, ambalo ndilo huyeyusha pistoni, hupimwa kwa umeme tu, na chaji ya betri vilevile.

Basi ichaguliwe ipi?

Kwa gari la kila siku, presha ya oili na temperecha ziwe za umeme, geji na sensa zikitoka boksi moja. Ya tabo iwe ya kimakanika. Geji ya kimakanika ya oili ibaki gereji, kifaa cha kupimia. Taa ya oili ikiwaka, injini izimwe kwanza, kisha geji hiyo ifungwe chini ya boneti kwenye tundu la sensa na injini iwashwe kwa sekunde chache. Ikisoma sifuri, gari livutwe. Ikisoma presha ya kawaida, sensa ndiyo mbovu, na injini haina haja ya kufunguliwa.