Unakodisha Mashua Yako ya Mbio? Amana Si Pesa Yako

Ukiishi Kileleshwa ama Lavington na mashua yako ya tanga iko Naivasha, hali unaijua: wiki nyingi imelala chini ya turubai huku wewe ukipambana na foleni ya Waiyaki Way. Zamani maji yalikuwa karibu. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Lang'ata na Kibera, lilikuwa na klabu ya mashua za tanga kabla gugumaji na maji taka kulishinda. Leo upepo tunaufuata Naivasha, karibu kilomita 90, ama Kilifi na Mombasa.

Kwa hivyo mwanamashua mwenzako akikuuliza, "Hiyo Laser yako naweza kuikodi mbio za Jumamosi?" si wazo baya. Lakini tanga likiraruka ama mlingoti ukipinda, nani analipa? Tupange pesa kabla ya mashua kugusa maji.

1. Tenganisha kodi na amana

Kodi ni malipo ya kutumia mashua. Amana, ile wengi tunaiita dipoziti, ni pesa ya mwenzako unayomshikia mpaka mashua irudi salama. Mjomba wangu alikodisha vyombo vya kazi, akapokea kodi na amana kwa laini moja, zikachanganyika na za matumizi. Jumatatu akalipa karo. Jumatano mteja akarudisha kila kitu kikiwa sawa, akaomba amana yake. Mjomba alichukua mkopo wa simu ili amrudishie, na faida yote ikaishia kwenye ada ya mkopo.

Tuseme kodi ni KSh 4,000 kwa siku na amana ni KSh 15,000. Omba zitumwe mara mbili, si KSh 19,000 kwa mkupuo. Kodi iingie kwenye till yako, na amana ikae kwenye akaunti ya akiba ambayo huigusi.

2. Angalia salio, si meseji

Meseji ya malipo inaweza kutungwa na mtu yeyote. Kabla ya kutoa funguo za stoo, fungua programu yako uone salio na jina la aliyelipa. Kama jina si la aliyekodi, uliza. Pia, mtu akidai "nimetuma zaidi kimakosa, nirudishie," usitume chochote haraka. Thibitisha kwanza kama pesa zimeingia kweli, kisha mwambie aombe urejesho kupitia kampuni yake ya malipo. Na PIN yako haiulizwi na mtu, hata akijiita afisa wetu.

3. Bei ya mazoezi na ya mbio zisilingane

Kwenye mstari wa kuanzia, mashua nyingi zinabanana zikigombea upepo, na hapo ndipo kugongana hutokea. Mazoezi ya peke yako asubuhi hayana hatari hiyo. Basi amana ya siku ya mbio iwe kubwa zaidi. Piga simu kwa kampuni ya bima pia: bima nyingi za mashua hazilipi ukiikodisha ama ikiwa mashindanoni, mpaka ikubaliwe kwa maandishi.

4. Piga picha mara mbili

Kabla na baada: tanga likiwa limekunjuliwa, mlingoti, usukani, sehemu ya chini, kamba. Zitume kwa WhatsApp mbele yake, aandike "nimekubali". Hapo hapo andikeni nani anaamua kama hali ya hewa inafaa (upepo wa Naivasha huongezeka mchana, na viboko hawajui ratiba ya mbio), jaketi za kuokoa maisha ni ngapi, na saa ya kurudisha.

5. Rudisha amana kwa maelezo

Mashua ikirudi, kagueni pamoja. Kama kamba ya KSh 1,200 imekatika, onyesha risiti ya fundi ama duka, kata KSh 1,200, kisha tuma KSh 13,800 siku hiyo hiyo. Elewaneni mapema ada ya kutuma ni ya nani. Mtu akirudishiwa amana bila kusukumana, atakodi tena, na atawaambia wenzake klabuni.

6. Tunza taarifa ya miamala

Pakua taarifa yako kila mwezi. Mapato ya kukodisha ni mapato, na KRA ikiuliza, ni rahisi kuonyesha kwamba ile KSh 15,000 ilikuja ikarudi, haikuwa faida.

Jaribu leo: kabla ya kumjibu mwenzako anayetaka mashua, fungua akaunti ya akiba na uipe jina "Amana". Dakika tano tu. Halafu mwambie, "Karibu, upepo ni wako Jumamosi."