Somo la Mwezi: Baiskeli, Misitu na Kumbukumbu za Vita Katika Milima ya Taita na Kasigau

Vijana wengi wa kaunti yetu wana baiskeli, na wageni wanaopenda kuendesha baiskeli milimani wanazidi kutafuta njia mpya. Njia hizo tunazo. Zinapita kando ya misitu iliyo adimu duniani, na kwenye ardhi ambako majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Somo hili ni la vijana wanaotaka kuongoza wageni, walimu, wazazi na yeyote anayetaka kuiona kaunti yake kwa magurudumu mawili. Lina sehemu tano, na mwishoni kuna maswali ya kujadili barazani au darasani.

1. Tuijue milima yetu

Milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau ni sehemu ya safu kongwe inayoanza hapa kwetu na kuendelea hadi kusini mwa Tanzania, kupitia Upare, Usambara na Uluguru. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na Kasigau mita 1,641. Unyevu wa Bahari Hindi hukutana na milima hii na kugeuka ukungu na mvua, ndiyo maana juu kuna msitu wa kijani ilhali chini ni nyika kavu ya Tsavo.

Sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Dawida ilikatwa zamani kwa ajili ya mashamba. Vilivyobaki ni vipande, vikubwa vikiwa Ngangao na Mbololo. Ndani yake wanaishi ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, kama yule ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri. Kule Mbololo kuna ua dogo la zambarau la jamii ya Saintpaulia linaloota kwenye mawe yenye kivuli. Wazee nao waliweka maeneo matakatifu, fighi, ambayo hayakukatwa mti. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayeacha njia na kukata kona msituni anaweza kuharibu kwa dakika moja kitu kisicho na mbadala.

2. Vita vilipita hapa

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mpaka wetu na Tanzania ya leo ulikuwa mpaka kati ya himaya mbili. Mnamo Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilivuka nyika usiku, vikabeba maji na baruti, na kulipua reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyokuwa njia kuu ya chakula na silaha za Waingereza.

Waingereza walijibu kwa kujenga reli nyingine, kutoka Voi kuelekea Taveta, kuanzia mwaka 1915. Ukienda leo kwa barabara ya Voi, Mwatate, Bura, Maktau hadi Taveta, unafuata mkondo uleule wa vita. Yafuatayo ni maeneo ya kuyajua:

Maktau: Hapa palikuwa na kambi kubwa ya Waingereza. Mnamo tarehe 3 Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alijeruhiwa mguuni karibu na hapo. Alikuwa akibebwa kuondolewa, lakini akaamuru aachwe pamoja na majeruhi waliokuwa taabani, akafa pamoja nao. Alipewa nishani ya Msalaba wa Victoria, na kaburi lake liko Voi. Maktau kuna pia makaburi ya askari kutoka India.

Mbuyuni: Mnamo Julai 1915 Waingereza walishambulia ngome ya Wajerumani hapa wakashindwa.

Salaita: Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa wageni kabisa katika nchi hii, walishambulia kilima hiki cha chini kilichochimbwa mahandaki, wakarudishwa nyuma.

Latema na Reata: Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916, pambano la vilima hivi viwili karibu na Taveta liliwafungulia Waingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts, njia ya kuingia Moshi.

3. Wale ambao hawana jiwe la kaburi

Mwongozaji anayeishia kwenye majina ya majenerali amesimulia nusu ya historia. Vita hivi vilibebwa kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Ndorobo waliua ng'ombe na farasi, barabara zilikuwa chache, hivyo kila gunia na kila sanduku la risasi lilibebwa na mtu. Mzigo ulikuwa karibu kilo 25, mbali na blanketi na chakula cha mbebaji mwenyewe. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwalazimisha wanaume kwenda, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa zaidi nchi nzima. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi, bali kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililozaa majina ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam.

Askari wengi wa Ulaya walipewa kaburi lenye jina. Wabebaji wengi hawakupewa hata orodha. Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri ubaguzi huo, na ikaomba radhi.

Kisa cha Kasigau kinatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima huo, kwa kuwa ulikuwa kituo kizuri cha kuishambulia reli. Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamemsaidia adui. Wakasigau, wake kwa waume, wazee na watoto, wakaondolewa kwenye vijiji vyao na kupelekwa Malindi. Watu waliozoea maji baridi ya mlimani walitupwa kwenye joto la pwani bila mashamba yao, na wengi walikufa huko. Waliosalia na vizazi vyao waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930.

Kwa hiyo mgeni anapozunguka mlima huo kwa baiskeli, anapita mbele ya nyumba za wajukuu wa waliofukuzwa. Vijiji vya Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe si mandhari ya kupigia picha tu. Mwongozaji kijana aulize kwanza nyumbani kwao: nani alikwenda Malindi, nani alirudi, nani alibeba mizigo? Wazee waliosikia simulizi hizo kutoka kwa waliohusika wanapungua kila mwaka. Ziandikwe sasa, kwa idhini yao.

4. Jinsi ya kuendesha kwa usalama

Kagua kabla ya kuondoka. Breki zote mbili zishike, mnyororo uwe na mafuta, spoku zisiwe zimelegea, na gurudumu lisiyumbe. Nyika ya chini ya Kasigau imejaa migunga, na miiba yake hutoboa tairi lililochakaa mara moja. Beba tyubu mbili, viraka, gundi na pampu. Mwenye kusubiri fundi porini atalala huko.

Kupanda. Badilisha gia kabla mteremko haujawa mkali. Ukichelewa, mnyororo unaweza kukatika au kuruka. Kaa mbele kidogo ya kiti, inama, na kanyaga kwa mwendo mmoja. Kusukuma baiskeli si aibu, hasa kwenye kona za Wundanyi.

Kushuka. Ajali nyingi hutokea hapa. Simama juu ya pedali zikiwa sawasawa, sogeza mwili nyuma, kunja viwiko kidogo na utazame mbele, si chini ya gurudumu. Tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia. Ukibana ya mbele peke yake juu ya changarawe utarushwa kupita usukani. Ukifunga ya nyuma hadi gurudumu liburute, unachimba mtaro ambao mvua itaugeuza korongo. Mteremko ukiwa mrefu, simama njiani breki zipoe. Vaa kofia ya usalama, hata kwa safari fupi.

Maji na wakati. Nyikani mtu mmoja anahitaji lita tatu au zaidi kwa safari ya nusu siku. Ondoka jua likishachomoza na urudi kabla halijazama, maana giza ni wakati wa wanyama. Epuka njia za milimani mvua zinaponyesha kwa wingi, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba: udongo huteleza, na maporomoko hutokea.

Wanyama. Eneo la kati ya Kasigau na mbuga za Tsavo ni njia ya ndovu. Ukimwona ndovu, simama mbali, mpe nafasi apite, na kamwe usipite kati ya mama na mtoto. Ukikutana na simba, usigeuze baiskeli kukimbia, kwani anayekimbia hufukuzwa. Simama, iweke baiskeli kati yako na yeye, na rudi nyuma polepole ukimtazama. Nendeni kwa kikundi, na mwache habari kijijini kuhusu njia na saa ya kurudi. Kabla ya safari, uliza wenyeji na maafisa wa KWS ndovu wako wapi siku hiyo.

5. Sheria na adabu

Ni vyema kila mwendesha baiskeli na mwongozaji azingatie haya:

Kwanza, misitu ya serikali inalindwa na sheria ya misitu ya mwaka 2016. Pata ruhusa ya KFS na uwasiliane na chama cha jamii cha msitu kabla ya kuingia.

Pili, ganda la risasi, kifungo cha koti au kipande cha chupa kutoka Salaita si mali ya aliyekiokota. Vitu vya kale na maeneo ya kihistoria vinalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Kipige picha, kiache mahali pake. Kitu kikionekana kama bomu au risasi ambayo haijalipuka, usikiguse. Weka alama kwa mbali na uarifu polisi au chifu.

Tatu, usiendeshe baiskeli juu ya makaburi wala ndani ya fighi. Uliza wazee mipaka iko wapi.

Nne, njia nyingi hupita kwenye mashamba ya watu. Salimia, omba njia, funga lango. Mkikutana na mama aliyebeba kuni au maji, yeye ndiye mwenye njia.

Tano, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliuweka utalii wa mashinani mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mkaazi ana haki ya kutoa maoni kuhusu njia za baiskeli, alama za kihistoria na vibanda vya maji wakati mikutano ya bajeti na ya mpango wa maendeleo inapofanyika katika wadi yake. Fika, uzungumze.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Wajerumani waliutaka mlima wa Kasigau, na wenyeji waligharimika vipi?
2. Je, majina ya waliobeba mizigo kutoka kijiji chenu yanajulikana? Nani anaweza kuyakusanya?
3. Njia ipi katika wadi yenu inafaa kwa baiskeli, na ipi iachwe kwa ajili ya msitu au wanyama?
4. Fedha za wageni zikija, zigawanywe vipi ili waongozaji, kina mama wapishi na msitu wenyewe wote wapate?