Mitungi Midogo ya Gesi kwenye Trela la Kusafiria: Mambo ya Kupima Kabla ya Kubadilisha

Majira ya joto yakifika, barabara kuu za Marekani na Kanada hujaa matrela ya kusafiria: vyumba vyenye magurudumu, vitanda, jiko, friji na bafu, vinavyokokotwa na pikapu au gari kubwa la familia. Mbele kabisa, juu ya pembetatu ya vyuma inayoungana na gari, husimama mitungi miwili ya propeni. Ndiyo inayopika chai, inayochemsha maji ya kuoga na inayowasha hita usiku wa baridi.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko nao hununua na kukodi matrela haya. Wengi hujikuta na mitungi mikubwa kuliko mahitaji yao, mizito kuinua na isiyojazwa kila mahali. Kijitabu hiki kinaeleza lini inafaa kuhamia mitungi midogo, na lini ni heri kuiacha iliyopo.

Mtungi mmoja una uzito gani?

Marekani mitungi huitwa kwa uzito wa gesi inayobebwa, na kipimo ni paundi. Ile ya kawaida kwenye matrela ni ya paundi 20 na ya paundi 30. Wa paundi 20 hubeba gesi ya kilo 9 hivi. Kwa aliyezoea maduka ya Dar es Salaam, huo uko katikati ya mtungi wa kilo 6 na ule wa kilo 15. Wa paundi 30 hubeba kama kilo 13 na nusu, karibu sawa na mtungi mkubwa wa nyumbani nchini Kenya.

Chuma chenyewe nacho kina uzito wake. Mtungi wa paundi 20 ukiwa mtupu una kilo 8 hivi, na ukijaa hufika kilo 17. Ule wa paundi 30 una kilo 11 mtupu, na ukijaa hufika karibu kilo 25, sawa na nusu gunia la saruji. Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo, kuunyanyua juu ya vyuma vya trela si kazi ndogo.

Anayebadilisha mitungi miwili ya paundi 30 kwa miwili ya paundi 20 anapunguza kilo 16 hivi mitungi ikiwa imejaa. Anayebaki na mmoja tu wa paundi 20 anapunguza zaidi ya kilo 30.

Uzito unaolalia ndoano

Kilo 16 hazionekani nyingi kwenye trela la tani mbili. Lakini mitungi iko mbele kabisa, na sehemu kubwa ya uzito wake huangukia ndoano ya gari. Uzito huo wa ndoano huhesabiwa ndani ya mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba, pamoja na abiria na mabegi yao. Gari dogo lililokaribia kikomo chake hupata nafuu ya kweli.

Nafuu hiyo ina mpaka. Kanuni ya kawaida ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ndiyo inayopaswa kulalia ndoano. Ukipungua chini ya hapo, mkia wa trela huanza kuyumba barabarani, hasa lori kubwa linapopita kwa kasi.

Chukua mfano wa trela la kilo 2,000 lenye uzito wa ndoano wa kilo 205. Liko salama, lakini kwa tofauti ndogo mno. Likiondolewa kilo 12 tu pale mbele, limeshavuka mpaka. Mwenye trela kama hilo anatakiwa kusogeza mzigo mwingine mbele, kisha apime upya. Vituo vingi vya malori barabarani vina mizani kubwa ya magari, na wenye matrela huitumia pia kwa malipo madogo.

Hita ndiyo inayoamua

Swali la kwanza lisiwe ukubwa wa mtungi, bali gesi inaliwa na nini. Joto la gesi Marekani hupimwa kwa BTU, na kilo moja ya propeni hutoa BTU 47,000 hivi. Mtungi wa paundi 20 uliojaa, kwa hiyo, una takriban BTU 430,000.

Jiko hula kidogo. Figa moja la BTU 7,000 likiwashwa saa nzima kwa siku humaliza gramu 150 hivi. Tangi la maji moto la BTU 12,000 kwa saa, nalo likiwaka saa moja, humaliza robo kilo. Kwa matumizi hayo mawili tu, mtungi mmoja wa paundi 20 unatosha wiki tatu.

Friji inayotumia gesi ina hamu zaidi. Ikiwaka mfululizo kwa BTU 1,500 kwa saa, humaliza robo tatu ya kilo kwa siku, na zile wiki tatu hushuka hadi siku nane. Matrela mengi mapya yana friji za kompresa zinazotumia umeme wa betri wa volti 12, na mabadiliko hayo ndiyo yamewafanya wamiliki wengi waone kwamba mitungi yao mikubwa haina kazi.

Kisha kuna hita. Hita ya BTU 30,000 kwa saa ikiwaka bila kuzima humaliza mtungi mzima wa paundi 20 kwa saa 14. Kwa kawaida haiwaki mfululizo, bali huwaka na kuzima kadiri chumba kinavyopoa. Ikiwaka nusu ya usiku wa saa kumi, hutumia kilo 3 na zaidi, na mtungi hauvuki usiku wa tatu.

Basi wastaafu wawili wanaopiga kambi Texas mwezi Julai wanaweza kusafiri na mtungi mmoja mdogo bila wasiwasi. Familia inayokwenda milima ya Colorado mwezi Novemba isiguse mitungi yake mikubwa.

Baridi hubana mtungi mdogo zaidi

Ndani ya mtungi propeni ni kimiminika. Hugeuka gesi kwa kunyonya joto kutoka kwenye kuta za mtungi, na huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana Amerika ya Kaskazini hutumia propeni: gesi ya Afrika Mashariki huchanganywa na buteni, ambayo huacha kuchemka joto linapokaribia nyuzi sifuri.

Hata hivyo propeni nayo hulegea kwenye baridi kali. Mtungi mdogo una eneo dogo la kunyonya joto, na ukibaki na gesi kidogo eneo hilo hupungua tena. Hita inaweza kuzimika usiku wa manane ilhali gesi bado ipo. Ukungu wa barafu kwenye ubavu wa mtungi ni dalili kwamba gesi inavutwa haraka kuliko mtungi unavyoweza kuitoa.

Kupunguza uzito bila kupunguza gesi

Ipo njia nyingine. Mtungi wa alumini wa paundi 20 una kilo 6 hivi ukiwa mtupu, kilo 2 pungufu ya ule wa chuma, na haupati kutu. Bei yake ni ya juu zaidi. Ipo pia mitungi ya nyuzi za kioo na plastiki, myepesi na yenye kuta zinazoonyesha kiwango cha gesi. Mnunuzi ahakikishe kwamba mtungi una idhini ya serikali inayoendelea: mwaka 2013 mamlaka ya Marekani, PHMSA, iliamuru mitungi ya nyuzi ya kiwanda kimoja cha Tennessee iondolewe kwenye matumizi kwa sababu za usalama.

Kwa kila mtungi uliotumika, tarehe ya kutengenezwa isomwe kwenye kola. Mtungi mpya unaruhusiwa kujazwa kwa miaka 12, kisha lazima ukaguliwe na kugongwa muhuri upya. Mpini wa valvu uwe wa pembe tatu. Hiyo ni alama ya kizuizi kinachofunga gesi mtungi ukijaa asilimia 80, na tangu tarehe 1 Aprili 2002 mitungi ya ukubwa huu isiyo nacho hairuhusiwi kujazwa.

Kazi ya kubadilisha

Mtungi wa paundi 20 ni mfupi kuliko wa paundi 30 kwa sentimeta 15 hivi. Kitako mara nyingi hukaa kwenye sinia ileile, lakini fito la katikati linaloibana mitungi huwa refu mno, na nati haifiki chini. Fito fupi linunuliwe. Kufunga kwa kamba au waya hakukubaliki, kwa kuwa mtungi ukiruka barabarani ni hatari kwa kila aliye nyuma.

Nati kubwa ya plastiki ya mpira wa gesi hukazwa kwa mkono bila spana. Anayebaki na mtungi mmoja amwachie fundi azibe mdomo wa pili wa regulata kwa kifuniko chake. Mitungi isimame wima daima, na wa akiba usiwekwe ndani ya trela kamwe.

Kujaza na kupita

Faida kubwa ya paundi 20 ni upatikanaji. Vizimba vya kubadilishana mitungi viko nje ya maduka na vituo vya mafuta karibu kila mji, na ule wa paundi 30 haumo. Lakini mtungi wa kizimbani kwa kawaida huwekwa paundi 15 tu za gesi, kama lebo yake inavyosema. Mwenye mtungi wa alumini asiupeleke huko, maana atarudishiwa wa chuma. Ajaze kwenye kituo chenye pampu.

Udogo wa mtungi haufungui kila njia. Mahandaki ya barabara chini ya bandari ya Baltimore hayaruhusu chombo cha propeni kinachozidi paundi 10. Daraja la Francis Scott Key, lililokuwa njia mbadala, lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli. Matrela huzunguka jiji kwa upande wa magharibi wa barabara ya 695.

Kabla ya safari ya kwanza na mitungi mipya, kila kiungo kipakwe povu la sabuni huku gesi ikiwa wazi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kengele ya gesi iliyo karibu na sakafu ijaribiwe, kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ikisikika harufu ya mayai yaliyooza, wote watoke nje, valvu za mitungi zifungwe, na trela lisikaliwe mpaka fundi mwenye leseni alikague.