SOMO LA MICHEZO: KUUJUA UDHAIFU WA TIMU PINZANI



Tarehe 22 Oktoba 2020, katika uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, timu ya Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1 kwa 0. Mfungaji alikuwa Samson Mbangula. Simba hiyo ilikuwa imechukua ubingwa wa Ligi Kuu miaka 3 mfululizo! Prisons ni timu ya Mbeya, lakini msimu ule ilihamia kwetu ikaufanya uwanja huo kuwa nyumbani.

Je, Simba ilifungwaje? Kilabuni watu walijibu upesi: ni hewa. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa pwani akikimbia huku Ufipa, pumzi humkatika mapema. Prisons wametoka Mbeya, nako ni juu, kwa hiyo wamezoea. Tena safari ya barabara kutoka Dar es Salaam inapita kilomita 1,000.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Siku 4 baadaye, tarehe 26 Oktoba, Simba ilicheza na Ruvu Shooting katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Pale hakuna mlima wala safari. Ikafungwa tena, bao 1 kwa 0.

Sasa weka michezo hiyo miwili pamoja. Simba ilifungwa bao 1 tu kila mara. Ulinzi wake haukuvunjika. Lakini kwa dakika 180 haikupata hata bao moja. Basi udhaifu wa siku zile ulikuwa mbele, kwenye kufunga. Timu yenye kulinda lango vizuri na kungoja nafasi moja ingeweza kuishinda. Udhaifu huo haukudumu, maana msimu ulipokwisha Simba ilikuwa bingwa tena. Ndiyo sababu mpinzani huchunguzwa kila mara, si mara moja.

Kijijini tunafanyaje? Mnapokwenda kucheza ugenini, lori linalipwa kwa michango yenu, yaani mahindi na maharage yenu. Kwenda bila kumjua mpinzani ni kuitupa michango hiyo. Mtumeni mtu mmoja anayejua kuandika akaitazame timu hiyo mara 2 au 3 kabla. Asiwe shabiki wa kupiga kelele, maana shabiki huona anachokitaka. Achukue daftari na kalamu.

Aandike kila bao liliingia dakika ya ngapi, na lilitoka upande gani. Je, kipa anaogopa mipira ya juu? Beki wa kushoto akipanda, nani anabaki nyuma yake? Wakifungwa, wanagombana? Hili la mwisho watu hulidharau, lakini timu inayogombana uwanjani huacha mlango wazi.

Tena mkumbuke kwamba na wao huenda wamemtuma mtu wao kwenu.

ZOEZI

Timu ya kijiji jirani imefungwa mabao 12 katika michezo 6. Mabao 7 yaliingia katika dakika 15 za mwisho. Mabao 4 yalitokana na kona.

1. Kwa wastani, timu hiyo hufungwa mabao mangapi kila mchezo?
2. Mna vijana 2 wenye mbio sana. Je, mtawaanzisha, au mtawaweka akiba mpaka kipindi cha pili? Andika sababu yako.