Usiazime Hendikapu ya Bosi

SWALI: Nimeanza kucheza gofu mwaka jana. Ofisi yetu imeandaa mashindano ya hisani na fomu inadai hendikapu, nami sijajiunga na klabu yoyote. Raundi zangu tatu za mashimo 18, zote uwanja mmoja, nilimaliza kwa mikwaju 104, 99 na 107 (hii ya mwisho ina shimo lililopangiwa mikwaju minne, likanila 12). Nimechukua wastani, nikatoa 72 za uwanja, nikapata 31. Naona aibu kuiandika. Bosi anasema niweke 28 “kama kila mgeni”. Rafiki yangu anasema niweke 36 nirudi nyumbani na friji. Picha ya kadi nimekutumia. Nifanyeje? – Mgeni wa Gofu, Dar es Salaam

JIBU: Mwanangu, tuanze na huyo wa friji, maana ndiye atakayekuponza. Mshindi wa neti hupatikana kwa kutoa hendikapu katika jumla ya mikwaju, kwa hiyo mwenye uwezo wa kumaliza kwa 99 akijiandikia 36 anarudi na neti ya 63. Wacheza gofu wana macho. Kabla ya shimo la sita wenzako wa kundi watakuwa wameshaanza kutazamana, na friji utaipokea mbele ya mkurugenzi, wateja na makedi. Hao makedi ndio hawasahau.

28 ya bosi ina historia yake. Katika mfumo wa Uingereza, kwa miaka mingi 28 ilikuwa kikomo cha wanaume na 36 cha wanawake.  Tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020, kikomo ni 54.0 kwa wote, hivyo 31 haina aibu yoyote. Kasoro yake ni kwamba si sahihi, tena umejishusha.

Hendikapu si wastani wa mchezo wako. Inapima unachoweza siku ukiamka vizuri. Mwenye raundi 20 kwenye rekodi huhesabiwa nane bora tu. Zile 12 nyingine haziguswi. Ndiyo maana mchezaji wa kawaida huifikia hendikapu yake mara mojamoja, wala si kila Jumamosi. Mwenye raundi tatu kama wewe huchukuliwa ile moja bora, kisha hupunguziwa 2.0 zaidi.

Kadi yako ina namba mbili ulizoziruka. 71.2 ni mikwaju anayotarajiwa kutumia pale mchezaji mahiri wa hendikapu sifuri. 124, wanayoiita slopu, inaonyesha uwanja unavyomtesa mchezaji wa kawaida kuliko huyo mahiri. Slopu ya msingi ni 113. Sasa chukua 99, toa 71.2, inabaki 27.8. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 124: 25.3. Toa 2.0, umepata 23.3, namba unayoweza kwenda nayo uwanja wowote. Ukirudi uwanja huohuo, izidishe kwa 124, igawanye kwa 113, kisha toa 0.8 kwa kuwa 71.2 iko chini ya 72. Inakuja mikwaju 25.

Lile shimo la mikwaju 12 lisikunyime usingizi. Asiye na hendikapu haandikiwi zaidi ya mikwaju mitano juu ya iliyopangiwa shimo, hivyo 12 inakuwa 9 na 107 inashuka hadi 104. Kwako haibadilishi kitu, kwani raundi bora ni ile ya 99. Hiyo ndiyo uikague. Kama nayo ina shimo lililopita kiwango, likate na upige hesabu upya. Na kama kuna mipira mliyoiokota karibu na shimo mkaambiana “hiyo imeingia” bila kuhesabu mkwaju wa mwisho, irudishe: mpira ulio ndani ya mita moja na nusu huongezewa mkwaju mmoja. Raundi za kirafiki huficha mengi hapo.

Kwenye fomu andika “sina hendikapu rasmi, makadirio 25”, kisha wapigie waandaaji. Waulize kama watatumia mfumo wa Peoria kwa wasio na hendikapu. Kwa mfumo huo, kamati huchagua mashimo sita kwa siri. Mchezo ukiisha, mikwaju yako ya mashimo hayo huzidishwa kwa tatu, hutolewa 72, na asilimia 80 ya kinachobaki ndiyo hendikapu yako ya siku hiyo. Ina bahati nasibu ndani yake (ukiharibu shimo waliloliteua, umepata neema), lakini inakuondolea wewe kazi ya kujipangia namba.

Bosi mwambie tu, “Nimepiga hesabu, imekuja 25.” Sijaona bosi anayegombana na mtu aliyejipunguzia.

Ukishatoka kwenye mashindano, jiunge na klabu. Wanahitaji kadi za mashimo 54, ulizocheza na mwenzako na akazisaini. Raundi za mashimo tisa nazo zinakubalika, kwa hiyo jioni sita baada ya kazi zinatosha.