Mlo wa bei moja: Mauzo yapande, faida isishuke

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida mwezi Mei, hoteli za chakula na mama lishe wa mjini Bariadi hupata wateja wenye fedha na wenye haraka: wakulima waliokwisha kuuza, madereva na matingo wa malori ya pamba, pamoja na abiria wa mabasi. Kwa wateja wa namna hii, mlo wa bei moja, yaani chakula na kinywaji kuuzwa pamoja kwa bei pungufu kidogo, ni njia nzuri ya kuongeza mauzo. Lakini mauzo si faida.

Njia hii si ngeni. Kampuni ya McDonald's ya Marekani iliingiza milo ya aina hiyo katika orodha yake mwaka 1991. Kinachofaa kuigwa ni hesabu iliyo nyuma ya bei.

Tuchukue mfano. Sahani ya wali maharage inauzwa Sh. 2,500 na gharama yake ni Sh. 1,700, inabaki Sh. 800. Glasi ya juisi ya ubuyu inauzwa Sh. 700, gharama yake Sh. 250, inabaki Sh. 450. Vyote viwili kwa pamoja ni Sh. 3,200. Mwenye hoteli akiviuza kwa Sh. 3,000, anabakiwa na Sh. 1,050.

Mteja aliyezoea kula wali peke yake akichukua mlo huo, hoteli inaongeza Sh. 250. Lakini yule ambaye siku zote hununua wali na juisi, hoteli inapoteza kwake Sh. 200. Hapo ndipo penye mtego.

Hoteli yenye wateja 50 kwa siku, ambao 10 kati yao tayari hunywa juisi, itapoteza kwa hao Sh. 2,000. Ili kurudisha fedha hizo, yatosha wateja wanane kati ya 40 waliobaki wavutwe na bei mpya. Wakivutwa 20, faida inaongezeka kwa Sh. 3,000 kwa siku. Lakini kama wanywaji wa juisi tayari ni 30, hasara ni Sh. 6,000, na hata wote 20 waliobaki wakihamia mlo mpya watarudisha Sh. 5,000 tu. Mauzo yamepanda, faida imeshuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei mpya ubaoni, mfanyabiashara anashauriwa kuhesabu kwa wiki moja ni wateja wangapi hununua vitu vyote viwili. Pili, kiungane na chakula kile chenye gharama ndogo na kinachotoka kwa nadra, kama juisi ya kutengeneza mwenyewe, chai au tunda. Soda ya chupa haifai sana, kwani faida yake ni ndogo na bei yake kila mtu anaijua. Tatu, bei ya kitu kimoja kimoja ibaki ubaoni ili mteja auone unafuu.

Aidha, mlo ufuate majira. Wakati wa Nane Nane ya kitaifa iliyofanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, wageni walikuwa wengi na kilichotakiwa zaidi ni kasi ya kuhudumia. Miezi ambayo fedha za pamba zimekwisha, mlo wa bei nafuu wa ugali, choroko na dagaa wa Ziwa Victoria hulinda wateja kuliko kupunguza bei ya nyama.

Naye anayetaka kuweka fedha zake katika hoteli asidanganywe na msongamano wa saa saba mchana. Aombe kuona kinachobaki kwa kila mteja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.